Magoti ya Fundi wa Vigae

Miaka thelathini na moja nimepiga magoti,
si kwa sala,
kwa simenti, kwa uzi uliovutwa, kwa pimamaji
ambayo kiputo chake kikitulia katikati
ndiyo amina yangu.
Sebule za Milimani, jikoni za Migosi,
vyoo vya hoteli moja kule Dunga nisikowahi kula:
sakafu zote zina alama za magoti yangu,
nayo magoti sasa yana alama zao.

Daktari Nyagudi aliitundika picha kwenye mwanga.
"Hapa gegedu limekwisha. Mfupa unasaga mfupa."
Nikamwambia nayajua hayo: vigae viwili
vilivyobanwa bila upenyo, joto likija vinainuana.
Akacheka. "Upenyo huo siwezi kukurudishia, fundi.
Ninachoweza ni kusema na mishipa."

Mishipa ya fahamu mitatu,
miwili juu ya goti, mmoja chini kwa ndani;
hao ndio matarishi.
Njia ya kwanza, sindano ya ganzi na dawa ya uvimbe:
habari inakatika wiki kadhaa, pengine miezi,
pengine inarudi kabla hujamaliza unga uliosaga leo.
Njia ya pili, sindano yenye moto kwenye ncha.
Mshipa unaunguzwa, unanyamaza nusu mwaka,
mwaka ukibahatika,
kisha unaota tena kama nyasi za kando ya reli.
Bei hakuitamka. Aliiandika.
Nikaikunja mara nne.

Kwenye benchi, Peres Akelo, mpishi mstaafu wa shule ya bweni,
alikuwa amepigwa ile ya ganzi.
"Wiki tisa! Nilikwenda choo cha nje usiku bila fimbo.
Ya kumi, maumivu yakabisha hodi
yakaingia bila kungoja karibu."
Barnaba Wabuko wa Luanda yeye aliunguzwa.
Siku nne alilaani hospitali nzima,
goti likiwaka kana kwamba limekumbuka kila kitu,
kisha kimya. Mwezi wa nane huu, kimya.
Ila, akaniinamia,
juzi alijikwaa shambani akaendelea kulima;
jioni ndipo alipoona goti limekuwa boga.

Hilo ndilo lililonikaa.
Kwa kuwa sisi hugonga. Kazi ikiisha
unapita na mpini wa nyundo, kigae kwa kigae,
na palipo na utupu chini, mlio hubadilika.
Ukiziba masikio, utupu haujajaa.
Nani atanigongea goti lililonyamazishwa?

Lakini usiku hoja zangu zote hulala
zikaniacha macho.
Saa tisa, Manyatta, hata mbwa wamechoka,
Rispa ananisugua kwa mafuta asiulize kitu,
naye ana zamu ya alfajiri.
Ukimsikia mtu akisema maumivu ni mwalimu,
muulize alifundishwa saa ngapi.

Nikachagua ganzi, kwanza, ya kupima.
Goti likikubali, tutazungumzia moto,
na ng'ombe yupi auzwe.
Jeli baridi. Kioo cha mashine, giza na kijivu,
daktari akitafuta uzi kando ya mshipa wa damu unaodunda.
"Usitikisike."
Nikageuza macho tu, yakaanguka sakafuni:
kigae cha tatu kutoka mlangoni kimeinuka unene wa ukucha.
Kazi ya mtu aliyeharakishwa.

Nusu saa baadaye nilishuka ngazi kumi na mbili
nikizihesabu kama noti nisizoziamini.
Hakuna kilicholia.
Nilisimama pale chini, halafu,
daktari anisamehe, maana alinikataza,
nikazipanda tena,
nikapiga goti moja mlangoni pake
nikakigonga kile kigae kwa ufunguo wa nyumba.

Kilikuwa tupu chini.
Nilisikia vizuri kabisa.